Gia Boksi Inatapika Oili Mlimani: Tuzibe Kipumulio au Tukirefushe?

Msomaji mmoja wa Makambako ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Nina Prado ya mwaka 1999, injini ya 1KZ, gia otomatiki. Naenda nayo Dar mara mbili kwa mwezi. Tambarare haina neno. Lakini nikirudi na mzigo nikapanda Kitonga, nikisimama Ilula kununua nyanya nasikia harufu ya oili inayoungua, na moshi mwembamba unatoka katikati ya gari. Nikichungulia chini, oili nyekundu imetapakaa. Fundi wa kwanza alisema ni sili ya mbele ya gia boksi. Akaishusha, akabadilisha sili, akajaza oili mpya, nikalipa. Safari iliyofuata ikamwaga kuliko mwanzo. Fundi wa pili ameona oili inatokea kwenye kamrija kadogo juu ya gia boksi, anataka akazibe kwa bolti. Jirani yangu, dereva wa lori, anasema nisithubutu, niweke mpira mrefu uende mpaka juu kwenye boneti. Nimfuate nani?"

Marahaba, mwanangu. Mfuate jirani yako, ila si leo. Mpira mrefu ni kazi nzuri, na hapa chini nitakueleza namna ya kuufunga. Lakini ukiufunga kabla hujajua ni kitu gani kinaipeleka oili mpaka kwenye huo mrija, utakachopata ni oili ileile kutokea juu kwenye injini badala ya chini kwenye ekzosi. Na katika maelezo yako kuna jambo moja limenishika kuliko yote: baada ya oili mpya kujazwa, gari ilimwaga zaidi. Nitalirudia hilo. Kwanza nimalizane na bolti.

Ule mrija mafundi wengi wanauita briza. Mimi nauita kipumulio, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake yote. Gia boksi ya otomatiki ni sanduku la aluminiamu lenye oili chini na hewa juu. Ukitoka Makambako alfajiri na ile baridi yenu, sanduku zima liko nyuzi kumi na kitu. Ukiwa katikati ya kona za Kitonga, oili humo ndani iko nyuzi 90, 100, pengine zaidi. Hewa ikipata moto inataka nafasi. Kutoka nyuzi 27 mpaka 90 inataka nafasi zaidi kwa kama asilimia 21. Oili nayo haitulii: tukichukua mfano wa lita 8 kwa jumla, gia boksi pamoja na konveta yake (kile kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi), zikipanda nyuzi 60 zinaongezeka karibu mililita 400. Hiyo ni zaidi ya soda ya chupa, imejitokeza yenyewe bila mtu kumimina kitu. Kwa hiyo hewa inabanwa mara mbili, kwa moto wake yenyewe na kwa oili inayoinuka kutoka chini.

Kipumulio kikiwa wazi, hewa hiyo inatoka polepole na huwezi kujua. Kikizibwa, presha inabaki ndani. Moto wa hewa peke yake unaleta kama psi 3, na ile nafasi iliyomezwa na oili inaongeza nyingine. Kwa tairi hiyo si presha. Kwa sili ni habari nyingine. Sili za mpira za gia boksi zimeundwa kuzuia oili inayorukia pale zilipo, hazikuundwa kuzuia oili inayosukumwa kwa nguvu. Ikisukumwa, itapenya kwenye mdomo wa sili, au sili yenyewe itasogezwa itoke kwenye kiti chake. Fundi wako wa pili akiziba, mwezi ujao utamrudia wa kwanza na sili ya mbele, na safari hiyo atakuwa anasema kweli.

Niliwahi kuletewa Hilux ambayo dereva alilalamika kuwa "dipstiki inaruka". Nikafungua boneti. Dipstiki ya gia boksi, ile fimbo ya kupimia oili, ilikuwa imenyanyuka vidole vitatu kutoka kwenye bomba lake, na oili imechirizika mpaka chini. O-ringi, ile pete ya mpira ya kuzuia oili, ya bomba hilo ilishabadilishwa mara mbili. Nikaingia chini, nikapitisha mkono juu ya gia boksi mahali macho hayafiki, vidole vikagusa kichwa cha bolti namba 10. Ilikuwa imekaa palepale pa mrija, imezungushiwa ule utepe mweupe wa mafundi bomba, tena kwa ustadi. Nilipoilegeza, gari bado vuguvugu, ilitoa pumzi ndefu kama sufuria ya presha inayofunguliwa mapema. Hakuna O-ringi ambayo ingeponya ugonjwa ule.

Sasa turudi kwenye oili mpya.

Ndani ya gia boksi kuna ngoma za klachi na seti za gia zinazozunguka usiku na mchana injini ikiwa inafanya kazi. Oili iliyokaa kwenye sampo, yaani bakuli la chini, inatakiwa iwe chini yao, isiwaguse. Ikizidi, vinavyozunguka vinaichota na kuipiga, kama unavyopiga mayai kwa uma. Inageuka povu. Povu linajaza sanduku, linapanda mpaka kwenye kipumulio, na hewa inayotaka kutoka inalibeba kwenda nalo nje. Ukiwa mlimani, pua ya gari iko juu, oili inakimbilia nyuma, vinavyozunguka vinazama zaidi. Halafu kuna ubaya mwingine ambao huuoni chini ya gari: pampu ikifyonza povu badala ya oili, presha ya kubana klachi inapungua, klachi zinateleza, zinatoa moto, na moto unaleta povu zaidi. Wengi wanadhani oili ikizidi kidogo ni akiba. Kwa injini kidogo inasameheka, kwa gia boksi ya otomatiki haisameheki.

Imezidije? Toa dipstiki ya gia boksi uitazame. Ina sehemu mbili, moja imeandikwa COOL na nyingine HOT, kila moja ina alama ya chini na ya juu. Ninavyofikiri, fundi wako wa kwanza alipomaliza kazi aliwasha gari uani, oili haijapata moto, akajaza mpaka alama ya HOT, akaridhika. Kwa macho ilikuwa sawasawa. Lakini zile mililita 400 za moto zilikuwa bado hazijazaliwa. Zilizaliwa Kitonga. Njia nyingine ya kujikuta hapo ni kununua oili kwa hesabu ya kitabu na kuimimina yote, huku konveta ilishuka na kurudi ikiwa na sehemu ya oili ya zamani ndani yake. Nimeyaona yote mawili, na lile la kwanza ndilo limenilisha zaidi.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu yeyote tena, pima mwenyewe. Endesha gari kama nusu saa mpaka oili ifike kwenye nyuzi 70 au 80, si gari iliyowashwa dakika tano mlangoni, wala si gari iliyotoka kupanda mlima sasa hivi. Simama mahali tambarare kweli. Vuta hendibreki, kanyaga breki, injini ikiwa inaunguruma, kisha pitisha mkono wa gia kutoka P mpaka L na kurudi, ukitulia sekunde mbili tatu kila kituo ili oili ijaze njia zote. Rudisha P. Usizime injini, maana ukizima oili ya juu inaanza kushuka na kipimo kinadanganya. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka ikae, ichomoe tena. Tazama pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja unaonekana umejaa kwa sababu umegusa ukuta wa bomba ulioloa, basi upande unaosoma chini ndio wa kuamini. Oili ikiwa kati ya alama mbili za HOT, kiwango chako kiko sawa. Ikiwa imepita ya juu, tumeshampata mwizi.

Kuipunguza si lazima ulale chini na plagi ya sampo, na oili ya moto mkononi si mzaha. Nenda duka la dawa za mifugo ukanunue lile bomba kubwa la sindano, lile la kunyweshea ng'ombe dawa, livishe kampira kembamba, kapitishe kwenye bomba la dipstiki na ufyonze. Toa mililita 200, pima, toa tena. Itakuchukua robo saa na utabaki na nguo safi.

Ukiwa na dipstiki mkononi, tazama na rangi. Oili nzuri ni nyekundu unayoweza kuona kupitia. Ikiwa kahawia na inanuka kama maandazi yaliyoungua, klachi zimeshapata joto la kupita kiasi, na hilo lina mjadala wake. Lakini ukikuta ni ya waridi, nzito, imefanana na mtindi uliotiwa rangi, usiwashe gari tena. Kwenye gari yako oili ya gia boksi inapitishwa kwenye kipoozeo kilichomo ndani ya tangi la rejeta, na kipoozeo kikitoboka maji na oili vinachanganyika. Maji yakiingia gia boksi kiwango kinapanda chenyewe, povu linakuwa kubwa, kipumulio kinatapika. Hapo mtu akiziba kipumulio au akirefusha mpira ni kama kumfunika mgonjwa wa malaria blanketi na kusema amepona. Gundi inayoshikilia vitambaa vya klachi haistahimili maji. Kinachotakiwa ni rejeta nyingine, kusafisha mfumo wote, na bahati.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wa magari ya 4WD hulisahau. Nyuma ya gia boksi yako imefungwa transfa, sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambayo inatumia oili nzito ya gia, si hii nyekundu. Kati yao kuna sili. Ikichoka, oili nyekundu inahamia transfa kimyakimya, transfa inajaa, na inatapika kupitia kipumulio chake yenyewe, sentimita chache tu kutoka kile cha gia boksi. Ukiwa umelala chini huoni tofauti, kila kitu kimeloa oili. Kulijua ni rahisi: gari ikiwa imepoa na imesimama tambarare, fungua plagi ya kujazia transfa. Oili inatakiwa iishie kwenye mdomo wa tundu. Ikimwagika kwa wingi, na ikawa nyembamba na nyekundu, jibu unalo, na mrija wa gia boksi hauna kosa.

Ndiyo maana sikuamini moja kwa moja kwamba fundi wa pili ameuona mrija sahihi. Umeniambia chini kote kumetapakaa. Upepo wa barabarani unaipaka oili kila mahali. Ioshwe kwanza: gari likiwa limepoa, mtu apige dizeli kidogo kwa brashi juu na pembeni ya gia boksi, aoshe kwa maji na sabuni bila kuelekeza bomba la presha kwenye mirija, aache ikauke. Kisha chukua poda ya mtoto, ya dukani tu, ipulize juu ya gia boksi, kwenye maungio, karibu na mirija yote miwili, na mahali pa konveta. Panda mlima wowote mnao huko, rudi, chungulia na tochi. Oili inaacha mfereji mwekundu kwenye poda nyeupe, na mfereji una mwanzo. Ukianzia kwenye mrija, umeona. Ukianzia kwenye bomba la dipstiki, au kwenye kona ya sampo, kipumulio kiachwe kwa amani. Poda yenyewe haifiki bei ya chai na chapati, na ile sili uliyolipia nina wasiwasi haikuwa imevuja hata tone.

Tuseme sasa umepima, kiwango kiko sawa, rangi ni nzuri, transfa haina kosa, na bado poda inaonyesha alama ndogo kwenye kipumulio ukipanda mlima mkali. Hapo, na hapo tu, ndipo mpira wa jirani yako unapoponya. Magari mengi ya umri wa lako yamepoteza mrija wao wa asili. Ulikauka, ukapasuka, au ulikatwa siku gia boksi iliposhushwa na hakuna aliyekumbuka kuurudisha. Kinabaki kichwa kifupi cha chuma juu ya gia boksi, na matone yanayorushwa juu kwenye mteremko yana safari fupi ya kutoka nje. Ukiweka mpira unaopanda wima, tone linalofika kwenye mpira linagonga ukuta wake na kushuka kurudi nyumbani, hewa inaendelea peke yake.

Neno la kushika hapo ni kupanda. Mpira ukishuka katikati kisha ukapanda tena, kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea, pale kwenye tumbo oili itakusanyika na kuwa kizibo. Hewa ikibanwa nyuma ya kizibo hicho, inakisukuma chote nje kwa mkupuo. Mtu anaona kikombe kizima cha oili kwenye ukuta wa injini na anasema mpira haufai. Mpira unafaa, njia aliyoupitisha ndiyo haikufaa.

Nunua mpira wa petroli, ule mweusi unaovumilia oili na joto, mita moja na nusu au mbili. Kipenyo cha ndani mara nyingi ni milimita 6 au 8, lakini pima kichwa cha chuma cha gari yako, usinunue kwa kusikia. Mimi zamani nilitumia ule mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, wa kupimia maji wa mafundi ujenzi, kwa sababu niliona raha kutazama kinachopita ndani. Baada ya miezi michache ule wa gari langu mwenyewe ulikuwa mgumu kama mwanzi, na sehemu iliyokaribia ekzosi ilikuwa imejikunja ikajifunga. Nilikuwa nimeziba kipumulio changu kwa mkono wangu, kwa njia ya kistaarabu.

Sukuma mpira kwenye kichwa cha chuma, ufunge klipu ndogo isiyoukata. Upandishe nyuma ya injini, uulaze kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria, uufikishe karibu na bawaba za boneti. Kila nusu hatua ufunge kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya, pasipo kuubana ukajifinya. Karibu na gia boksi uache na ulegevu kidogo, maana gia boksi inacheza kwenye maunti zake unapokanyaga mafuta, na mpira uliokazwa utachomoka siku ya kwanza. Uwe mbali na ekzosi na tabo kwa kiganja kizima, na mbali na propela. Mwisho wake juu uukunje utazame chini kama mpini wa bakora, ili maji ya mvua na ya kuoshea injini yasiingie.

Je, uweke filta? Wengi huchomeka ile filta ndogo ya petroli ya plastiki. Si vibaya, inazuia vumbi, lakini ikilowa oili na kukutana na vumbi la barabara inakuwa tope, na tope ni bolti ya aina nyingine. Ukiiweka, ihesabu kama kitu cha kubadilisha kila unapobadilisha oili ya injini mara mbili tatu. Kuna pia vile vifuniko vya chuma vya difu vyenye springi ndani, ambavyo watu wanavichomeka mwisho wa mpira kwa sababu vinapendeza. Hivyo vinaruhusu hewa kutoka lakini vinaizuia kuingia. Usiviweke kwenye gia boksi, nitakuambia kwa nini punde. Na kama fundi anakushauri kuunganisha vipumulio vya gia boksi, transfa na difu zote mbili kwenye mpira mmoja ili pawe nadhifu, mwambie asante. Watengenezaji wengine huunganisha baadhi, lakini wao wamekokotoa. Mimi siungi. Siku mpira huo ukiziba, vitu vinne vinakosa pumzi kwa mpigo.

Kuna na chupa. Wenzetu wa Marekani wanaoshindanisha magari kwenye njia fupi iliyonyooka wanakutana na tatizo hilihili kwa namna nyingine: mwisho wa mbio dereva anapofunga breki kali, oili yote ya gia boksi inakimbilia mbele, na kwenye aina fulani za gia boksi inatokea kwenye kipumulio na kuangukia ekzosi au tairi za nyuma. Wao huongoza mpira hadi kwenye kopo la kukingia, ili oili isimwagike njiani. Ukitaka kuiga, kopo nalo liwe na tundu juu la kupumulia, vinginevyo umerudi kwenye bolti. Kwa gari la kwenda Dar na kurudi sioni haja yake. Chupa inayojaa inakuambia una ugonjwa, na wewe tayari unajua.

Sasa lile la hewa kuingia. Mvua za masika zikikukuta Dar, pale Jangwani Msimbazi ukifurika, utajaribiwa kupita kwenye maji. Gia boksi iko nyuzi 90, inazama ghafla kwenye maji ya nyuzi 30. Hewa ya ndani inasinyaa karibu sehemu moja ya sita, na sanduku linavuta pumzi kwa nguvu. Kama kipumulio kifupi kiko chini ya maji, kitavuta maji. Kama kimezibwa, au kina kile kifuniko cha springi, litavuta kupitia kwenye sili, ambako pia kuna maji. Kama mdomo wa mpira uko juu kwenye boneti, litavuta hewa tu. Kwa sababu hii nakushauri uweke mpira hata kama oili ikikoma kumwagika baada ya kupunguza kiwango. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji, hilo la oili ni ziada.

Kabla ya kuufunga, hakikisha kichwa cha chuma chenyewe kiko wazi. Nyigu wa udongo wanapenda matundu ya kipenyo hicho, na gari likilala wiki mbili unaweza kukuta wameshajenga. Tumia waya laini kutoa tope, ukiwa na kitambaa chenye unyevu kuzuia vumbi lisiingie. Mpira wa zamani kama upo, uchomoe kabisa ndipo uupulize. Asije mtu akachomeka bomba la kompresa kwenye mpira uliounganishwa na gia boksi. Tumeshasema psi 3 zinasumbua sili, na kompresa ya gereji ina zaidi ya 100.

Na Kitonga yenyewe. Tangu pale Ruaha Mbuyuni kwenye joto lile la bondeni, zima O/D, yaani gia ya juu kabisa, kabla mlima haujaanza, na pale malori yanapotambaa mbele yako weka 2 badala ya kuacha gari lichague D na kubadilisha gia kila kona. Konveta inayoteleza muda mrefu kwa mwendo mdogo ndiyo inayopika oili. Ukifika Ilula usizime gari papo hapo ukakimbilie nyanya. Weka P, acha injini iungurume dakika tatu nne, pampu iendelee kuzungusha oili kwenye kipoozeo. Ule moshi uliouona ni oili juu ya ekzosi yenye joto la kutosha kuiwasha, kwa hiyo mpaka umalize kazi hii, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, usiwe chini ya magunia.

Kwa wasomaji wenye Prado za baadaye zisizo na dipstiki ya gia boksi: kupima kwenu ni kwa plagi ya kumwagikia na kipimo cha joto, na oili ni ya aina nyingine. Msifyonze wala kujaza kwa kufuata maelezo haya.

Wewe, mwanangu, anza na dipstiki Jumamosi hii, kisha poda, kisha uniandikie oili ilisomeka wapi kati ya zile alama na mfereji ulianzia wapi. Na kama yule fundi wa pili ameshakufungia bolti yake wakati unasubiri jibu langu, itoe kabla hujawasha gari.